Siku Tatu Ndani ya Central Park, New York: Uzoefu Wangu

Niliitembelea bustani ya Central Park kwa siku tatu mfululizo mwanzoni mwa mwezi wa Mei, nikiwa na mpwa wangu mwenye umri wa miaka minane. Siku ya kwanza tuliipoteza, na mbili zilizofuata zikatulipa kuliko tulivyotarajia. Kosa la siku ile ya kwanza lilikuwa letu: tuliingia kwa upande wa kusini, kwenye kona ya Mtaa wa 59 na Fifth Avenue, kama wafanyavyo wageni wengi, tukiwa na orodha ya vivutio kumi na viwili ambavyo tulidhani tungevimaliza kabla ya jua kuzama.

Bustani hii ina ukubwa wa ekari 843, ambazo ni takriban hekta 341. Inaanzia Mtaa wa 59 hadi Mtaa wa 110, urefu wa kilometa nne hivi, na upana wake ni kama mita 800. Kwenye ramani umbali huo huonekana mdogo, lakini ramani haikuonyeshi vilima, wala haikuambii kwamba njia za waenda kwa miguu zimepindishwa kwa makusudi. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, ambao mchoro wao ulishinda shindano la usanifu mwaka 1858, walitaka mtu atembee bila kuona mwisho wa njia aliyoishika, na barabara nne za magari zinazoikata bustani kutoka mashariki hadi magharibi wakazizamisha chini ya usawa wa ardhi. Matokeo yake ni kwamba unaweza kupita juu ya barabara yenye msongamano bila kuyaona magari, huku miti ikizimeza kelele zake. Sisi siku hiyo hatukuyatambua haya, kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye simu na kwenye ile orodha.

Mchana, mtoto alipochoka, nilikodi riksho ya baiskeli. Bei niliyotajiwa nilidhani ni ya safari nzima, kumbe ilikuwa ya kila dakika, na mwendeshaji alikwenda taratibu mno, akisimama kwenye kila sanamu. Kwa mzunguko ambao haukufika hata nusu saa nilidaiwa zaidi ya dola mia moja, nami nikalipa kwa sababu sikutaka kuzozana mbele ya mtoto. Riksho hizi zinatakiwa kubandika kibao cha bei kwa dakika. Kisome kabla ya kupanda, taja mahali unapokwenda, uliza jumla itakuwa kiasi gani, na uangalie saa mnapoanza. Magari ya kukokotwa na farasi sikuyapanda, kwa hiyo sina la kuyasemea.

Siku ya pili tulibadili mpango kabisa. Tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Mtaa wa 110, kilichoko ukingoni mwa kaskazini, tukaingia kwa upande wa Harlem. Hapo ndipo ninaposhauri kila mgeni aanzie. Watu ni wachache, benchi zipo wazi, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni ziwa la Harlem Meer, lenye bata na kobe wa majini wanaopanda juu ya magogo kuota jua. Pembeni yake kuna kituo kipya, Davis Center, kilichofunguliwa mwaka 2025, ambacho huwa bwawa la kuogelea wakati wa kiangazi na uwanja wa kuteleza juu ya barafu wakati wa baridi.

Kutoka ziwani tulikwenda Conservatory Garden, bustani ya maua iliyofunguliwa mwaka 1937 na ambayo huingiwa kupitia lango kubwa la chuma kwenye Fifth Avenue, jirani na Mtaa wa 105. Imegawanywa sehemu tatu, moja kwa mtindo wa Italia, ya pili wa Ufaransa na ya tatu wa Uingereza, na baiskeli haziruhusiwi kuingia. Tulikuta tulipu zimechanua kwa maelfu, zimepangwa kwa duara kuzunguka chemchemi yenye sanamu za wasichana watatu wanaocheza wakiwa wameshikana mikono. Mpwa wangu, ambaye jana yake alikuwa akilalamika kila baada ya hatua kumi, aliizunguka chemchemi hiyo mara nne bila kuambiwa. Kuingia ni bure. Kama mtu ana saa mbili tu katika bustani yote, mimi ningemwambia azimalizie hapo.

Baada ya hapo tulishuka kwenye bonde linaloitwa the Ravine, ndani ya msitu wa kaskazini. Kuna kijito chenye maporomoko madogo, na kuna daraja la Huddlestone Arch, ambalo limejengwa kwa majabali makubwa yaliyoegemezwa moja juu ya jingine bila chokaa wala saruji. Nilisimama chini yake nikaweka kiganja kwenye jiwe mojawapo. Lilikuwa baridi na lenye unyevunyevu, na kati yake na jirani yake palikuwa na upenyo ambao vidole vyangu viwili viliingia. Uzito wa majabali yenyewe ndio unaoyashikilia, na juu yake hupita barabara ya baiskeli. Katika bonde hilo huoni jengo hata moja, nawe umo katikati ya kisiwa cha Manhattan.

Tulipotea humo msituni, na katika kupotea kwetu ndipo tulipojifunza jambo ambalo limenifaa kuliko programu yoyote ya simu. Kila nguzo ya taa ndani ya bustani ina kibao kidogo chenye tarakimu nne. Tarakimu mbili za mwanzo hukuonyesha mtaa ulio karibu, na ya mwisho hukuonyesha upande: ikiwa shufwa uko upande wa mashariki wa bustani, ikiwa witiri uko upande wa magharibi. Mkanganyiko pekee ni kwamba katika mitaa iliyopita 100 tarakimu ya kwanza ya namba ya mtaa huachwa, hivyo unapoona kibao kinachoanza kwa 05, soma 105. Tangu wakati huo mtoto ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, akikimbia mbele kusoma nguzo na kunitangazia tulipo.

Alasiri tulilizunguka hifadhi kubwa la maji linaloitwa kwa jina la Jacqueline Kennedy Onassis. Njia yake ina urefu wa kilometa mbili na nusu, na wakimbiaji na watembeaji wote hufuata mwelekeo mmoja, kinyume na mshale wa saa, jambo ambalo huzuia kugongana. Mandhari ya maghorofa yakijitazama majini ni mazuri, ingawa kwa mtoto ilikuwa ni mwendo mrefu wa kuangalia maji yaleyale.

Upande wa magharibi, kati ya Mtaa wa 82 na Mtaa wa 89, tulifika mahali ambapo watu wengi hupapita bila kusimama, nami ninaomba msomaji asimame. Palikuwa na kijiji, Seneca Village, kilichoanza mwaka 1825 Wamarekani Weusi waliponunua viwanja vya kwanza hapo. Kufikia mwaka 1855 palikuwa na wakazi wapatao 225, na makanisa matatu, shule na makaburi. Kumiliki ardhi kulikuwa na maana kubwa zaidi ya kuwa na pa kulala, kwa kuwa sheria ya jimbo la New York ya wakati huo ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali isiyopungua dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo Wazungu hawakuwekewa. Mwaka 1857 wakazi wote walikuwa wameondolewa ili bustani ijengwe. Leo pana nyasi, miti, miamba na mabango ya maelezo. Nilisoma mabango yote niliyoyaona, na sikuweza kuendelea na matembezi ya burudani mara moja. Tuliketi kwenye nyasi pale hadi jua lilipoanza kuteremka. Ningependa mabango hayo yawe makubwa zaidi na yatajwe kwenye ramani za wageni kwa uzito uleule wa kasri dogo lililomo bustanini na chemchemi.

Siku ya tatu tuliamka alfajiri, kwa sababu bustani hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, tukaenda the Ramble, pori dogo lenye vijia vingi linalopakana na ziwa. Mwezi wa Mei ndege wanaohama kutoka kusini hushuka hapo kupumzika na kula, kwani kwa mruko wa ndege anayepita juu ya jiji, bustani hii ni kisiwa cha kijani katikati ya saruji. Zaidi ya aina 200 zimewahi kuonekana humo. Tulikuta watu wenye darubini wamesimama kimya chini ya mti mmoja, na mama mmoja mzee akampa mpwa wangu darubini yake amwone ndege mdogo mwenye koo la rangi ya chungwa kali, akirukaruka kwenye maua ya mwaloni na kudonoa viwavi. Hakuna aliyetutoza kitu, wala aliyetuharakisha.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kuvuka daraja la Bow Bridge hadi Bethesda Terrace. Hapa umati ni mkubwa, na unastahili kuwepo. Sanamu ya malaika juu ya chemchemi ilichongwa na Emma Stebbins na kuzinduliwa mwaka 1873, kuadhimisha maji safi ya mto Croton yaliyoanza kuletwa jijini mwaka 1842. Wengi huipiga picha na kuondoka. Waingie pia chini ya ngazi, kwenye ukumbi wa matao, watazame dari lililofunikwa kwa zaidi ya vigae 15,000 vya rangi. Mwimbaji mmoja alikuwa akiimba humo bila kipaza sauti, na sauti yake ilijaa ukumbi mzima. Ukifuata njia pana ya miti kwenda kusini utakuta sanamu ya watetezi wa haki za wanawake, Sojourner Truth, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, iliyowekwa mwaka 2020, ambayo ndiyo ya kwanza humo kuwaonyesha wanawake waliowahi kuishi kweli.

Mitumbwi ya makasia hukodishwa kwa saa ziwani, na bustani ya wanyama na bembea ya farasi wa mbao hulipiwa. Bustani ya wanyama ni ndogo. Mtoto aliwapenda simba wa baharini, lakini kwa bei ya tiketi mbili nilitarajia zaidi. Baiskeli zinafaa kwa mtu mzima mwenye pumzi, kwa kuwa barabara ya kuzunguka bustani yote ina karibu kilometa kumi na kilima kikali upande wa kaskazini, na tangu mwaka 2018 magari ya kawaida hayaruhusiwi humo. Lawama yangu kubwa ni vyoo: ni vichache, vimeachana sana, na foleni ya kusini ilituchukua dakika ishirini. Chakula nacho tulijifunza kukibeba wenyewe.

Tulimalizia Umpire Rock, mwamba mkubwa ulio karibu na uwanja wa michezo wa watoto upande wa kusini magharibi. Mpwa wangu aliupanda mara tatu, kisha akachuchumaa na kuniita.

“Mjomba, nani amelikwaruza hili jiwe?”

Yalikuwa makovu marefu, yaliyonyooka, yote yakielekea upande mmoja, mapana kiasi cha mkono wa mtoto kulala ndani. Nikamweleza kwamba zamani, maelfu ya miaka kabla ya jiji, barafu nene sana ilijikokota juu ya mwamba huo, na mawe yaliyonaswa chini yake ndiyo yaliyochimba mifereji ile. Akaupitisha mkono wake ndani ya mfereji mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, akarudi akaanza tena.