Otley Run ya Leeds: nilivyoijua ujanani, na nilivyoikuta majuzi

Otley Run haina ofisi wala tiketi. Ni njia tu. Unaanzia baa ya Woodies kule Far Headingley, kaskazini mwa jiji la Leeds, Uingereza, unashuka na barabara ya Otley ukiingia baa moja baada ya nyingine hadi mjini kwenye Dry Dock, ambayo ni mashua kweli iliyopandishwa nchi kavu ikafanywa baa. Kwa miguu ni kama kilomita nne. Orodha kamili ya baa hubishaniwa na kila kundi, na ubishi huo ni sehemu ya burudani. Niliipita mara nyingi nikiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya tisini. Majuzi nimeirudia na wenzangu wa enzi zile, safari hii tukiwa na vipara na vidonge vya presha mfukoni.

Nianze na bia, maana ndiyo inayowashtua wageni wetu. Nyumbani Tanzania mhudumu anakuuliza: baridi au moto? Kule ukiagiza bia ya pipa inayovutwa kwa pampu ya mkono, hupati baridi wala moto. Inahifadhiwa chumba cha chini ya baa, inakuja na ubaridi wa kisimani, haina gesi ya kukupasua pua. Kaskazini mwa Uingereza bomba lake hufungwa kichujio kidogo kinachoipa povu zito juu, na mtu wa Leeds akipewa glasi isiyo na povu hilo anaweza kuirudisha. Wakati wetu tulikunywa Tetley's, bia ya kiwanda kilichokuwa hapo hapo mjini tangu 1822. Kilevi chake kilikuwa asilimia 3.7 tu. Mtu aliyezoea bia yetu ya Safari yenye 5.5 anaidharau. Asiidharau: painti moja ni mililita 568, na inateremka kama maji.

Jambo la pili ni kaunta. Usikae mezani ukasubiri dada aje. Hatakuja. Unakwenda mwenyewe, unasimama, na hakuna foleni ya kuonekana kwa macho, lakini mhudumu anajua nani kafika kabla ya nani. Kupunga mkono na noti au kupiga mluzi ni utovu wa adabu, na utahudumiwa wa mwisho. Unalipa papo hapo kila unapoagiza, kwa hiyo ule mchezo wetu wa kuhesabu chupa tupu mezani na kugombana na bili haupo. Nyama choma pia haipo. Ni krispi za pakiti na karanga.

Sasa raundi. Sisi tuna ofa: aliyepokea mshahara leo anawanywesha wenzake, na mwezi ujao au mwaka ujao huenda wakamkumbuka. Raundi ya Kiingereza ni deni la usiku ule ule. Mkiwa wanane, mmoja ananunulia wote wanane, kisha mwingine, mpaka kila mtu amepita. Hakuna anayetangaza zamu ya nani, ila ukinywa za wenzako halafu ukaingia chooni zamu yako ilipokaribia, utakumbukwa muhula mzima. Kwa mgeni mpya, tena mwenye haya, hii ilikuwa njia bora ya kuingia katika kundi kuliko klabu zote za chuo. Nilipokwenda kaunta mara ya kwanza nikarudi nimebeba glasi nne, wawili kati ya niliowanunulia hata jina langu hawakulijua, wakanisogezea kiti.

Lakini hesabu ya raundi ni katili. Watu wanane ni painti nane, yaani lita nne na nusu, kabla hujawa huru kuondoka kwa heshima. Tena mwendo unaamuliwa na mnywaji mwenye kasi kuliko wote, maana glasi yake ikikauka raundi inaanza. Wajanja walisubiri zamu za mwisho, wakijua kwamba tukifika Hyde Park, baa iliyo mbele njiani, kundi limeshapungua nusu na raundi imekuwa nafuu. (Najua mlioko Dodoma leo. Tulikuwa tunawaona.) Aliyeonewa zaidi ni mwenzetu wa Zanzibar asiyegusa pombe: alikunywa soda ya maji yenye sharubati ya ndimu, ya bei ya chini kabisa, lakini alinunua raundi kamili kama sisi, na bado ndiye aliyetupeleka nyumbani. Majuzi tumemnunulia yeye usiku kucha. Deni halijaisha.

Njia yenyewe mwanzoni ni tulivu: Woodies, Three Horseshoes, New Inn, zimekaribiana. Headingley ndiyo kitovu, hasa Skyrack na Original Oak zinazotazamana barabarani, zote zikibeba kumbukumbu ya mwaloni mkongwe ulioanguka hapo mwaka 1941. Siku ya kriketi au raga uwanjani Headingley, usiende. Hutapata hata pa kusimama. Kutoka Oak hadi Hyde Park kuna mwendo wa kama kilomita moja bila kituo, na kwangu hicho ndicho kipande bora. Upepo unakupiga, kichwa kinatulia, mazungumzo ya maana hutokea hapo. Kuleni kabla hamjaendelea. Samaki na chipsi wa Yorkshire, eneo ilipo Leeds, hukaangwa mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe, na hadi leo sijala wazuri kuliko wao.

Mengi yamebadilika. Enzi zetu kengele ililia kabla ya saa tano usiku, kila mtu akakimbilia kaunta, kisha mkapewa dakika ishirini za kumalizia. Sheria mpya ya mwishoni mwa 2005 iliondoa ulazima wa saa hiyo. Tulirudi na nguo zinazonuka sigara, jambo lililokoma Julai 2007. Kiwanda cha Tetley's kilifungwa 2011. Bei imepanda zaidi ya mara mbili. Na Jumamosi siku hizi ni umati wa watu waliovaa vituko, ndizi, maaskofu, polisi bandia, kuanzia mchana. Walikuwepo hata zamani, ila sasa wewe uliyevaa shati la kawaida ndiye unayetazamwa. Wakazi wanalalamika kelele na mikojo kwenye bustani zao, nami nawaelewa.

Nampa nani ushauri wa kwenda? Watu wanne, wasizidi. Nendeni Jumatano au Alhamisi alasiri, chukueni nusu painti tangu baa ya kwanza, si baada ya kuzidiwa, na mkubaliane mapema kwamba asiyekunywa pombe hanunui raundi. Vaeni koti hata Julai. Mkichoka, mabasi ya kwenda mjini yanapita barabara hiyo hiyo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya baa moja, jina naliacha, iliyotupa glasi za plastiki saa tisa mchana, na sisi wazee wa watu tumekaa kimya tunasoma menyu.