Gari la kuvuta tela Nyanda za Juu Kusini: lipi ununue kwanza

Ukitafuta gari la kuvuta tela la viazi kutoka Uyole au mbao kutoka Mafinga, muulize muuzaji kwanza habari za breki, nguvu ya injini baadaye. Kupanda mlima Kitonga taratibu kunachosha tu. Kinachoua watu huku kwetu ni kushuka, Kitonga na Mlima Nyoka pia, mzigo ukikusukuma kwa nyuma.

Kwa hiyo namba moja naipa pikapu ya dizeli yenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini: Hilux ya lita 2.8 au Isuzu D-Max ya 3.0. Matoleo mengi ya 4x4 ya miaka ya karibuni yanaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini tela liwe na breki zake. Kiwango hicho si ruhusa ya kujaza na bodi ya pikapu yenyewe. Tela lisilo na breki mwisho wake kwa kawaida ni kilo 750, na uzito wa tela lenyewe umo humo. Tela likiwa na kilo 300, umebakiwa na 450: magunia manne ya kilo mia. Yakiwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita mdomo, hata hayo manne yamezidi.

Ya pili ni Land Cruiser 79 ya 4.2. Chasisi yake ni ngumu kwelikweli, ila injini haina turbo. Injini ya aina hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya mjini ni kama mita 1,700.

Ya tatu Prado, kwa mwenye familia na shamba. RAV4 inafuata, kwa tela dogo tu. Noah na IST usizifikirie.

Ukikagua gari, lala chini utazame kiungio cha tela. Kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kilichochomelewa kwenye bampa kikatae, hata fundi akiapa. Ukipakia, mzigo mzito ukae juu ya ekseli na kuelemea mbele kidogo, kiasi asilimia 10 ya uzito wa tela ikikandamiza kiungio. Ukielemea nyuma, tela litayumba. Na gia ndogo iweke kabla mteremko haujaanza, maana breki zikishapata moto hazishiki.

Kama fedha haitoshi, chukua pikapu ya zamani kidogo yenye kiwango cha chini cha kuvuta, na inayobaki uiweke kwenye tela lenye breki.