Uzoefu wangu: M16A1 niliyoiunganisha mezani, na seti iliyonitoa jasho

Nianze na nyota, maana najua wengi mnashuka moja kwa moja huko: tatu kati ya tano. Bunduki yenyewe, nakala ya M16A1 ya jeshi la Marekani la enzi za vita vya Vietnam, ilivyo sasa imelala kwenye sefu, ningeipa nne na nusu. Zilizopungua zimeliwa na kampuni iliyoniuzia seti ya nusu ya juu.

Naishi Houston, Texas. Ni raia wa hapa tangu 2019, na nataja uraia kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na ndugu zangu Watanzania tukikutana kwenye nyama choma. Sheria ya shirikisho inamruhusu raia kumiliki bunduki, inamruhusu na mwenye kadi ya kijani. Aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, sembuse kuinunua. Kama uko kundi hilo, soma kwa burudani. Na aliye nyumbani ndiyo asijaribu kabisa. Sheria ya silaha ya 2015 haina masihara, na magobole ya vijijini yamewafunga watu ambao hawakuwa na nia ya kuua kitu zaidi ya ngiri.

Mimi silaha nilizishika mara ya kwanza JKT. SMG, ndivyo tulivyoiita AK, na kuruta unaibeba mpaka bega linaota sugu kabla afande hajakupa risasi hata moja. Sikuwahi kuipenda. Kilichoniingiza kwenye mambo haya ni jirani yangu, mzee wa miaka 76, aliyekuwa Vietnam mwaka 1969, upande wa Cu Chi. Siku moja tunaosha magari nikamwuliza bunduki yake ilikuwaje. Hakujibu papo hapo. Alinyoosha mikono kama mtu anayepokea kichanga, mmoja mbele mmoja nyuma, akaipima hewa. "Nyepesi," akasema. "Tuliona kama wametupa kitu cha kuchezea watoto."

Basi nikaamua kutengeneza kloni. Kwa wasiojua, kloni ni nakala ya bunduki ya jeshi ambayo raia anaiunganisha kipande kwa kipande mpaka ifanane na ile ya mwaka fulani, ila inatoa risasi moja kila ukivuta traiga. Ya jeshi ilikuwa na uwezo wa kumimina risasi mfululizo. Hapa Marekani bunduki ya kumimina ambayo haikusajiliwa kabla ya 19 Mei 1986 raia wa kawaida haruhusiwi kuimiliki, na hizo chache zilizosajiliwa zinauzwa bei ya gari. Kwenye bodi yangu, yaani kiunzi cha bunduki, limechorwa neno AUTO kando ya kitufe cha usalama, lakini ni pambo tu. Kitufe hakifiki huko, na sikutaka kifike.

Kisheria, kinachohesabika kuwa bunduki ni kipande kimoja: bodi ya chini, ile inayobeba magazini na traiga, yenye namba. Hiyo niliinunua dukani kwa dola 140. Nilijaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, muuzaji akanikagua kwenye mfumo wa FBI, baada ya dakika kama 20 nikatoka na boksi la kadibodi kwapani. Vilivyobaki vyote, mtutu, springi, kitako, vililetwa mlangoni na posta kama viatu. Boksi la nne lilipofika mke wangu alisimama nalo barazani akiliangalia. "Baba Neema, wenzako wanaagiza vitenge. Wewe unaagiza vita?"

Nilitumia meza ya kulia chakula, jambo ambalo nisingemshauri mwenye ndoa. Kuunganisha bodi ya chini si kazi ngumu. Ni kazi ya pini na subira. Adui ni springi moja nyembamba kama mkia wa panya, inayosukuma kipini cha ukubwa wa punje ya mchele. Ukiteleza kidogo tu, inaruka. Yangu iliruka saa nne usiku. Nikasikia "ting" kwenye kabati la vyombo, kisha kimya. Nilitambaa sakafuni na tochi mpaka saa sita, nikaokota sarafu mbili, hereni na karanga, springi hakuna. Binti yangu Neema aliipata siku ya tatu kwenye pindo la pazia, akaniuliza kama ni ya kalamu. Nunueni mbili mbili. Ni senti tu.

Panchi nayo iliniteleza nilipokuwa nagonga pini ya kushoto, ikaacha mkwaruzo wa sentimita mbili kwenye rangi ya kijivu. Huo ni wangu, silaumu mtu.

Sasa tuje kwenye seti ya juu: bodi ya juu, mtutu wa inchi 20, bolti, mpini wa kukokia, na yale makava mawili ya plastiki ya pembetatu yanayofunika mtutu. Dola 690. Tangazo lilisema ni "sahihi kwa mwaka 1969". Nilivyofungua boksi, harufu ya mafuta mapya, nikajiona nimepata. Makava ni mazuri kweli. Moja ni la kushoto, moja la kulia, hayabadilishani, kama kandambili. Jeshi lilichoka na hilo, ndiyo maana A2, toleo lililofuata la miaka ya 1980, ikaja na makava ya mviringo ambayo lolote linakaa popote. Bolti inateleza vizuri. Ndani mtutu una mifereji ya kuisokota risasi, ya mtindo wa zamani, mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, na hilo nitalirudia maana lilinifedhehesha.

Lakini kwenye ncha ya mtutu, kile kikofia cha kupunguza mwale kilikuwa kimezibwa upande wa chini. Hicho ni cha A2. Cha A1 kina matundu pande zote. Kosa dogo, kikofia kinabadilishwa, ila usiniandikie "sahihi kwa 1969" halafu unipe kitu cha enzi za Reagan. Na bodi ya juu rangi yake haikuoana na ya chini. Moja kijivu cha jivu la mkaa, nyingine inavuta kwenye zambarau ukiitoa juani. Wapenzi wa mambo haya watakwambia hata jeshini zilipishana, maana Colt, kampuni iliyokuwa ikizitengeneza, haikuwa peke yake; mwaka 1968 kazi walipewa pia Harrington & Richardson na tawi la Hydra-Matic la General Motors, na mafundi wa kambini walikuwa wanachanganya vipande. Sawa, nakubali. Zambarau sijaisamehe.

Kilichoniuma ni kilengeo cha mbele. Nilikaa nyuma ya bunduki, nikafumba jicho, nikaona mnara wake umeegama kulia, kidogo tu, kama nguzo ya umeme baada ya mvua. Nikajiambia ni macho. Nikamwita mke wangu, hajui lolote la bunduki, nikamwuliza anaona nini. "Hiyo imepinda," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nikawaandikia. Siku tatu kimya. Wakajibu kwamba nipige picha. Nikapiga nne. Wakasema picha haioneshi vizuri. Nikapiga nyingine nimeweka pima maji ya fundi seremala juu ya bodi, ile yenye povu, na uzi umening'inia nyuma. Hapo wakasema iko "ndani ya kiwango". Kiwango gani, hawakusema. Nilipoomba namba ya huyo mwenye kiwango ndipo wakakubali nirudishe, kwa nauli yangu, dola 28. Ilirudi baada ya wiki tano na siku mbili. Imenyooka, hilo lazima niseme. Ndani ya boksi hakukuwa na hata karatasi ya samahani, ila walinibadilishia na kile kikofia bila mimi kukumbusha, hivyo kuna mtu mmoja pale kiwandani anasoma barua mpaka mwisho. Huyo nyota ya tatu ni yake.

Siku ya kwenda kulenga nilimbeba mzee. Nilinunua risasi za greni 62 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) kwa kuwa zilikuwa na punguzo. Yadi 100, karatasi mpya, nikapiga tano. Tukaangalia kwa darubini, matundu yametawanyika ukubwa wa sinia la pilau, na mawili si matundu, ni mipasuko mirefu kama tundu la kufuli. Risasi zilikuwa zinaingia ubavu! Nilikuwa tayari kuwapigia wale jamaa tena kwa sauti nyingine.

Mzee alichukua risasi moja, akaigeuza, akacheka mpaka akakaa. Akaniambia mtutu wangu ni wa risasi za zamani. Nimeeleza kwamba mifereji inazunguka mara moja kwa inchi 12. Mzunguko huo uliwekwa kwa risasi ya greni 55 ya wakati ule. Ya greni 62 ni ndefu zaidi, inataka kusokotwa kwa kasi zaidi, na A2 ilipewa mzunguko mmoja kwa inchi 7 kwa ajili hiyo hiyo. Kwenye mtutu wa mtindo wa zamani inayumba njiani kama pia ya kuchezea inayoishiwa nguvu. Mimi nililipa zaidi ili nipate mtutu wa mtindo wa zamani, kisha nikaulisha chakula cha kisasa. Ukinunua kloni ya A1, uliza mzunguko wa mtutu kabla ya kuuliza bei, halafu nunua greni 55 na uache punguzo lipite.

Duka la pale uwanjani lilikuwa na za greni 55. Mzee akashika magazini ya risasi 20, akajaza 18, akaisukumia kwangu. Nikamwambia bado mbili. "Kumi na nane," akasema. Ndivyo walivyojaza wao ili springi isikaze. Kisha akafanya kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Risasi zilikuwa zinaenda kushoto. Nikaanza kutafuta bisibisi kwenye begi. Akachukua risasi, akachomeka ncha yake kwenye tundu dogo la kile kigurudumu cha kilengeo cha nyuma, akazungusha, tik, tik, tik. Kilengeo cha mbele kinapandishwa na kushushwa vivyo hivyo. Hakuna kifaa. Waliobuni walijua askari msituni anaweza kukosa bisibisi, lakini akikosa risasi, kulenga hakuna maana tena. Tulimaliza na kundi la matundu matano linalofunikwa na kisosi cha chai.

Akiwa anapiga yeye hakusema neno. Nilisimama nyuma yake tu.

Tukiwa tunapanga vitu alinisimulia waliomtangulia, wa 1966 na 1967, ambao bunduki ziliwakwamia mikononi. Baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haikuwa na kromu, na watu walipelekwa vitani bila vifaa vya kusafishia, wengine wameambiwa haihitaji usafi. Mpaka Bunge la Marekani likaunda kamati mwaka 1967. Alipofika yeye chemba zilikuwa na kromu, na 1968 jeshi lilishatoa kijitabu cha vikatuni cha kuwafundisha kuitunza. Alikisoma mpaka kikachanika. Alisafisha kwa mswaki kila siku, wa meno ulikuwa mwingine.

Hesabu yangu kwa wanaouliza: bodi ya chini 140, seti 690, kitako cha mtumba 90, springi na pini 75, vifaa 60, magazini tatu kuukuu 54, na ile nauli 28. Dola 1,137, bila risasi. Nakala iliyounganishwa kiwandani ningeipata kwa bei isiyopishana sana na hiyo, ina dhamana, na pazia langu lingekuwa salama. Anayefikiri anaokoa hela kwa kuunganisha mwenyewe, aanze na bodi ya chini peke yake, seti ya juu anunue imefungwa tayari, na akague kilengeo siku ile ile boksi linapofika.

Kitako ndicho nilichokuwa najivunia, maana aliyeniuzia kwenye maonyesho ya silaha aliapa ni cha 1969. Nyuma kina kimlango kidogo cha chuma. Unakifungua kwa ukucha, ndani kuna nafasi ya vifaa vya usafi. Tukiwa kwenye maegesho mzee alikipapasa kitako, kidole kikakigusa kimlango, akakifungua, akakifunga, akakifungua tena.

"Yangu haikuwa na hiki," akasema. "Hiki kilikuja mimi nimesharudi nyumbani."

Nilimwambia nitatafuta kingine. Wiki iliyofuata aligonga mlango, amekuja na mswaki mpya wa meno bado uko kwenye pakiti, ameukata mpini kwa msumeno ili uingie.