McLaughlin au Metheny: uanze na mpiga gitaa yupi wa jazi?

John McLaughlin, Mwingereza aliyezaliwa 1942, alihamia Marekani 1969, akapiga gitaa kwenye rekodi za mpiga tarumbeta Miles Davis, na mwaka 1971 akaunda bendi ya Mahavishnu Orchestra. Humo kuna ukali wa roki, kasi ya kutisha na mapigo yanayokupoteza hesabu. Baadaye akashika gitaa lisilo la umeme akiwa na kundi la Shakti, pamoja na wanamuziki wa Kihindi; mimi hapo ndipo aliponinasa.

Pat Metheny wa Missouri ni mpole zaidi: melodi zake unaweza kuziimba njiani. Nyingi alizitunga na mpiga kinanda Lyle Mays.

Sikio geni lianze na Metheny. Mpiga gitaa mwenye kiburi cha vidole, mpeleke kwa McLaughlin.