Minoksidili ya kupaka: nywele zilirudi, na mengine yakaja nazo

Nywele zangu za utosini zilipungua taratibu mpaka msusi wangu wa Kirumba, Mwanza, akawa anakosa pa kushikia rasta. Nikanunua minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya maji ya asilimia 5 kwenye duka la dawa mjini. Muuzaji alisema nipake mililita moja asubuhi na moja jioni, basi.

Sitainyima haki yake: inafanya kazi. Wiki za mwanzo nywele hunyonyoka zaidi, kitana kinajaa, na wengi huacha hapo kwa hofu. Ni kawaida, nywele zilizochoka zinapisha mpya. Baada ya miezi kadhaa utosi wangu ulijaa. (Kama zimekatika kwa sababu ya kusukwa kwa kubana, fumua kwanza, dawa haitashindana na msuko unaovuta kila siku.)

Muwasho na magamba kama mba nilivimudu. Mara nyingi vinaletwa na propilini glaikoli, kiyeyushi kilichomo kwenye dawa ya maji. Ya povu kwa kawaida haina. Kilichonishtua ni uso. Malaika, yale manyoya laini ya mashavuni na kwenye kidevu, yakawa meusi, marefu. Kisha vifundo vya miguu vikaanza kuvimba jioni. Ngazi za mawe za kupanda kwetu Mabatini nimezizoea tangu utotoni, lakini sasa moyo ulikuwa unadunda hata nikiwa nimekaa.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha kali, kikaidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, na ndipo ikatengenezwa ya kupaka, iliyoruhusiwa huko mwaka 1988. Inatanua mishipa ya damu. Kiasi kidogo hupenya ngozi ya kichwa na kuingia kwenye damu, na hupenya zaidi ngozi ikiwa imechubuka kwa kukuna. Kwa baadhi ya watu mwili huanza kushika chumvi na maji, na moyo hukimbia. Tena ile ya maji ya asilimia 5 imekusudiwa wanaume. Mwanamke hupewa ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja tu.

Haya yote muuzaji alipaswa kuyagusa. Hakuniuliza presha, ujauzito wala kunyonyesha. Mama mdogo wa Sengerema, anayemeza vidonge vya presha kila siku, alishaniomba nimtumie chupa kwa kivuko cha Kamanga. Nilimkatalia, nikamwambia aonane na daktari wake kwanza.

Jambo jingine ambalo duka halitakwambia: dawa hii ni sumu kwa paka, hata tone analolamba kwenye mto au mkononi mwako. Huku kwetu kwenye dagaa na panya, nyumba ngapi hazina paka? Nawa mikono, ficha chupa.

Nilipoacha, moyo ulitulia na uvimbe wa miguu ukapungua mapema. Malaika ya usoni yalichukua miezi kupungua, na utosi nao ukaanza kupwaya tena, kwa sababu nywele zilizoletwa na dawa huondoka ukiiacha. Povu la mara moja kwa siku bado nalitamani. Ila sitaligusa mpaka daktari amalize kunipima presha na moyo.