Dunga ya Januari: mashua ya alfajiri na ngege (tilapia) wa kukaangwa

Desemba yote ufuo wa Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria pale Kisumu, hufurika watu hadi pa kuketi pakakosekana, na kila meza ina muziki wake. Shule zikishafunguliwa na wageni wa Krismasi wakarudi Nairobi, mambo hugeuka. Nahodha anapata nafasi ya kuzima injini akuonyeshe ndege, mama wa samaki hana haraka ya kukufunulia matamvua, na mfuko uliochoshwa na sikukuu bado unaweza kugharamia asubuhi nzima. Kwa anayetaka kujistarehesha mwezi huu mkavu bila makelele, hatujaona mahali Kisumu panapoishinda Dunga. Ila ufike kwa saa yake.

Saa yake ni alfajiri. Januari jua la Kisumu huchomoza saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, kwa hiyo mashua inafaa iwe tayari saa kumi na mbili na nusu. Ziwa wakati huo huwa limetulia. Kadiri mchana unavyosogea, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na upepo kutoka ziwani unaingia kuziba pengo. Kuanzia adhuhuri mawimbi ya Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, yanaweza kukulowesha hadi kifuani, na anayeogopa maji hatafurahia chochote. Wengi huja jioni kutazama jua likizama, na kweli hutua vizuri upande huo, karibu na saa moja. Lakini saa hizo upepo mara nyingi haujalala bado, na jua la mchana kutwa limewachosha watu na ndege vilevile. Ukiwa na pesa ya safari moja tu, iweke kwenye asubuhi.

Utamu wa safari uko ukingoni mwa mafunjo. Humo anaishi ndege wa jamii ya tiva ambaye makao yake ni mafunjo tu: mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano. Dume na jike huimba kwa kupokezana, na utawasikia kabla hujawaona. Injini ikinguruma hawatokei. Mwambie nahodha mapema kwamba unataka mashua isukumwe kwa kasia pembezoni mwa mafunjo, kisha mkae kimya dakika kumi mahali pamoja. Mdiria na mnandi hawahitaji subira hiyo, utawakuta juu ya vijiti vya nyavu. Januari pia kuna mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Wakati kule madirisha yamefungwa kwa theluji, wao wanapita chinichini juu ya maji haya wakidaka wadudu. Wataanza kurudi kwao kuanzia Machi.

Kuhusu mashua yenyewe, patana bei ukiwa bado nchi kavu, na useme wazi mambo matatu: ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, ni ya muda gani, na kama petroli imo ndani. Jaketi la kuokoa maisha lisilofunga kifungo ni sawa na kutokuwa nalo, basi lifunge ulivute mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno kwako. Mwenye watoto aulize la saizi yao kabla ya kulipa chochote.

Tatizo linalokatiza safari nyingi ni gugu maji. Halina mahali pake, linakwenda na upepo, na linaweza kuziba ufuo usiku mmoja kisha likaondoka kesho yake. Mizizi yake hujizungusha kwenye rafadha, na hata isipojizungusha huziba tundu ambalo injini hunyonyea maji ya kujipoza. Tazama ubavuni mwa injini: kijito chembamba cha maji hutoka mfululizo ikiwa inafanya kazi sawasawa. Kijito kikikatika, injini izimwe papo hapo na tundu lisafishwe, la sivyo itachemka na mtarudi kwa makasia. Nahodha mzuri hulitazama lile tundu bila kuambiwa. Ndiye wa kuandika nambari yake ya simu.

Viboko wapo. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi na alfajiri hurudi majini, kwa hiyo usitembee kando ya ufuo gizani. Mkiwa ndani ya mashua, kaeni mbali nao, wala msipite kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Usiingize miguu majini kwenye majani ya ukingoni pia, konokono wanaobeba kichocho hupenda hapo hapo.

Mkitua, njaa itakuwa imeshika. Nyavu zilizotegwa jioni huvutwa alfajiri, kwa hiyo samaki wa asubuhi ndiye wa kununua. Jicho la ngege mbichi limejaa na linang'aa, halijadidimia. Inua kifuniko cha tamvua: ndani pawe pekundu, pasiwe pa kahawia wala pa kijivu. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama irudi juu mara moja. Samaki aliyekaa barafuni muda mrefu huacha shimo, na akikaangwa nyama yake humomonyoka. Wa nusu kilo hadi gramu 700 anamtosha mtu mmoja na ugali wake. Mbuta (sangara) ana minofu minene, ila kwa kukaanga mzima ngege ndiye mwenye ladha.

Mchague, apimwe, akubaliwe bei, aparwe magamba na kutolewa matumbo mbele yako. Achanjwe mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa, apakwe chumvi, kisha aachwe ajichuje. Hapa ndipo wapishi wenye haraka hukosea. Samaki akiingia na maji, mafuta hupoa, ngozi inaganda kwenye karai na nyama inanyonya mafuta. Wakirundikwa watano pamoja, ni hivyo hivyo. Tazama pia rangi ya mafuta: yakishakuwa meusi, kila kitu kitakuwa na uchungu, hata samaki aliyevuliwa saa hiyo. Samaki mkubwa huchukua kama robo saa, akigeuzwa mara moja tu. Ukitaka wa mchuzi, akaangwe kwanza, kisha aingie kwenye vitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, aive taratibu dakika kumi. Sisi tunapendelea wa mkavu, na osuga, yaani mboga ya mnavu, pembeni.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, nao ni wazuri mwezi huu, ila tazama mwezi wa angani. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, hivyo siku za mwezi mpevu omena hupungua na bei hupanda.

Kutoka katikati ya mji ni kilomita 4 au 5, tuktuk zinafika bila shida. Njiani kuna hifadhi ndogo ya swala pala ya Kisumu. Malipo yake hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji.

Anayerudi Nakuru na samaki mbichi anunue barafu uzito sawa na wa samaki, atoe matumbo na matamvua yote, apange tabaka la barafu na tabaka la samaki, tumbo likiangalia chini ili maji yatiririke. Ndoo iwe na tundu la kutolea maji hayo. Aliyekaangwa usimfunge kwenye mfuko wa plastiki angali moto. Mvuke hulainisha ngozi na humchachisha kabla hujafika Kericho. Mwache apoe kabisa, mfunge kwa karatasi, na mkaange tena kidogo ukifika nyumbani.