Jitu la Raccoon City au zimwi la Sevastopol?

Gemu za video Resident Evil 2 ya 2019 na Alien: Isolation ya 2014 zote zinatisha kwa kukuwinda, ila uwindaji wenyewe haufanani.

Kwenye Resident Evil 2, ndani ya kituo cha polisi cha mji wa Raccoon City, anakusaka Mr. X, jitu lenye kofia na koti refu. Risasi zikimkolea hupiga goti kwa muda, kisha huyo tena. Unamsikia kabla hujamwona: vishindo vya viatu juu ya dari, mlango unabamizwa, nawe umebaki na risasi tatu. Tatizo ni kwamba ukishamjua, unamzungusha kwenye rafu za maktaba kama mtoto anayekwepa fimbo. Na ukimaliza na mhusika Leon ukaanza upya na mwenzake Claire, mafumbo mengi ni yale yale.

Zimwi la Isolation, linalokusaka kwenye kituo cha anga za juu kiitwacho Sevastopol, halizoeleki hivyo. Unajibanza kabatini, umebana pumzi, huku kifaa cha kunasa mwendo kikilia, na mlio huohuo ukiliita likiwa karibu. Moto hulifukuza tu, hauliui. Hata kusevu mchezo ulipofikia kuna gharama: unachomeka kadi ukutani, unasubiri taa ziwake, na hapo hapo unaweza kuuawa. Sijaona gemu nyingine inayofanya kitendo hicho kiwe cha kutoa jasho. Lakini ni ndefu mno! Unadhani imeisha, kumbe unatumwa kuwasha mtambo mwingine.

Kwa raha, nachukua Resident Evil 2 ya kampuni ya Capcom. Kwa hofu tupu, Isolation, na taa ya sebuleni siizimi.